Ufunguo wa Akiba Akae Nao Nani?

Ndugu msomaji, tuanze na asubuhi ya Jumatatu, asubuhi ambayo huenda wewe mwenyewe umepata kuionja. Likizo yako ya siku 28 imekwisha. Jana ulivuka ziwa kwa kivuko kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ulikokwenda kuwajulia hali wazee. Na leo alfajiri umegombania daladala pale Buhongwa, ukasimama njia nzima hadi mjini. Umewahi. Umewaamkia wakubwa, umewagawia wenzako machungwa ya kisiwani, kisha umeketi mbele ya kompyuta yako. Mashine inakuuliza jina, unaliandika. Inakuuliza neno la siri, unaliandika. Inalikataa.

Unaliandika tena, safari hii kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Inalikataa. Mara ya tatu, mara ya nne, na hatimaye mashine inakufungia mlango kabisa, kana kwamba wewe ni mwizi uliyekuja kuiba kazi yako mwenyewe. Siku 28 za kupumzika zimelifuta neno lile kichwani, nalo haliji hata ukiuma kalamu.

Sasa yakupasa umtafute fundi wa kompyuta, au kama wasemavyo maofisini, mtu wa TEHAMA. Fundi ni mmoja, na ofisi ina matawi mawili. Leo yuko tawi la Igoma. Mlangoni pake mmekwisha kuwa watu watano, nyote mmesahau. Nje ya dirisha lako wananchi wamepanga foleni: huyu ametoka Magu kufuatilia malipo ya pamba, yule ametoka Misungwi na mtoto mgongoni, na nauli ya kurudi ndiyo hiyo hiyo aliyoifunga kwenye ncha ya khanga. Shida yako ndogo, ya herufi chache tu, imekwisha kuwa shida ya watu wengi.

Ndipo mwenzako, kwa wema wake, anapokunong'oneza: "Chukua langu, ufanyie kazi kwa leo." Hapo ndipo shari inapoanzia. Kila utakalolifanya litaandikwa kwa jina lake. Jioni fedha zikipungua, yeye ndiye atakayeitwa. Na kwa kuwa ninyi wawili mnalijua neno lile, hakuna kati yenu awezaye kuaminiwa peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba daftari lenye jina la mtu mwingine ni sawa na kukosa daftari.

Makala haya yahusu dawa ya maradhi hayo. Dawa yenyewe ni kumwezesha kila mfanyakazi ajiwekee neno jipya la siri kwa mkono wake, bila kumngoja fundi. Ni dawa nzuri. Lakini kama zilivyo dawa zote, ikipimwa vibaya humdhuru yule yule iliyokusudiwa kumponya. Basi yafaa tuijue, wewe uliye kiongozi wa ofisi na wewe uliye karani, mwalimu, muuguzi au mtunza ghala.

NENO LILIANZIA WAPI

Neno la siri, ambalo wataalamu wa lugha huliita nywila na vijana wa mjini huliita paswedi, si jambo la jana. Askari walinzi tangu kale waliulizana neno la kupitia usiku. Kwa upande wa kompyuta, historia humtaja Fernando Corbató wa chuo cha MIT, nchini Marekani. Mwaka 1961 yeye na wenzake walionyesha mfumo uliowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya wote na kazi ilikuwa ya kila mtu, kila mmoja alipewa neno lake ili asiingiliwe.

Usalama huo haukudumu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa pale, Allan Scherr, aliyeona kwamba saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiagiza mashine imchapie orodha yote ya maneno ya siri, nayo ikamchapia. Mwaka 1966, kwa kosa la kuchanganya mafaili mawili, orodha ile ile ikamtokea kila aliyeingia katika mfumo, mahali ambapo palipaswa kutokea tangazo la siku.

Kutokana na makosa ya namna hiyo wataalamu walijifunza kutoliweka neno lenyewe katika hifadhi. Robert Morris na Ken Thompson walilieleza jambo hili katika maandishi yao ya mwaka 1979. Mfumo uliotengenezwa vizuri hulisaga neno lako kama mahindi yanavyosagwa mashineni, ukabaki unga wake tu. Kesho ukiliandika tena, mfumo hulisaga tena na kulinganisha unga kwa unga, ukilingana, waingia. Lakini unga haurudi kuwa mahindi.

Ndiyo maana, msomaji, fundi wa ofisi yako hawezi kukutajia neno ulilolisahau, hata akitaka. Awezalo ni kukuwekea jipya. Na ikitokea siku moja ofisi yoyote ikakuandikia, "Neno lako la zamani lilikuwa hili," basi jua kwamba watu hao wanatunza mahindi mabichi, na atakayevunja ghala lao atachota ya watu wote. Badilisha neno lako kwao siku hiyo hiyo, na kama ulilitumia mahali pengine, libadilishe huko pia.

MLANGO WA PILI WA NYUMBA

Kujiwekea neno jipya ni sawa na ufunguo wa akiba. Mama anayekwenda sokoni Kirumba, na watoto wako shuleni, huuacha ufunguo mahali fulani. Akiuweka chini ya tofali mlangoni, watoto hawatahangaika, na mwizi pia hatahangaika. Akiondoka nao, mwizi atashindwa, na watoto watanyeshewa mvua. Busara ni kumwachia jirani anayewajua watoto kwa sura, na ambaye jioni atamwambia mama ni nani aliyeuchukua na saa ngapi.

Mambo yote tutakayoyataja hapa chini ni majibu ya swali hilo moja: ufunguo wa akiba akae nao nani? Maana mwizi mwenye akili hahangaiki na mlango wa mbele wenye kufuli kubwa. Huenda nyuma, mahali palipoandikwa "Umesahau neno lako la siri?"

Ofisi nyingi duniani hutumia mfumo wa kampuni ya Microsoft uitwao Entra ID, ambao hadi mwaka 2023 ulijulikana kwa jina la Azure Active Directory. Tuutumie huo kama mfano, kwa sababu mipangilio yake yaonyesha vizuri maamuzi ambayo kila ofisi hulazimika kuyafanya, mfumo wake uwe wowote ule.

Uamuzi wa kwanza ni nani aruhusiwe. Mfumo huweka nafasi tatu: asiruhusiwe mtu, waruhusiwe wa kundi teule, au waruhusiwe wote. Usianze na wote. Chagua idara moja, watu kumi au kumi na watano, uwajaribu kwa majuma mawili. Wala usiwachague hodari peke yao. Mweke mzee anayekaribia kustaafu, mweke na mlinzi anayetumia simu ya kitochi. Kama wao wataweza, ofisi nzima itaweza. Kama watakwama, ni afadhali ujue mapema pale walipokwama.

Uamuzi wa pili ni uthibitisho wa namna ngapi. Mfumo waweza kumtaka mtu aonyeshe jambo moja au mambo mawili kabla ya kumkubali: tarakimu zinazotumwa kwenye simu yake, barua pepe nyingine isiyo ya ofisi, programu maalumu iliyo ndani ya simu janja, simu ya mezani ya ofisi, au majibu ya maswali ya kumbukumbu. Wanachama wa chama cha akiba na mikopo watalielewa jambo hili upesi, maana kasiki linalofunguliwa kwa funguo mbili zilizo kwa watu wawili ni gumu kuibwa. Ofisi inayoshika fedha au habari za wagonjwa haina budi kudai mambo mawili.

Lakini tahadhari. Kama tarakimu huja kwenye simu yako, na barua pepe ya akiba nayo imefunguliwa katika simu hiyo hiyo, basi hizo si funguo mbili. Ni funguo mbili zilizofungwa kwenye kamba moja. Atakayekupora simu pale stendi amepata zote. Basi simu yenyewe nayo ifungwe kwa namba yake ya siri, na ujumbe usisomeke kabla haijafunguliwa.

Uamuzi wa tatu, ambao wengi huusahau, ni usajili. Mfumo hauwezi kukutumia tarakimu kama hauijui simu yako. Mfanyakazi lazima ajiandikishe kabla ya kusahau, maana akishafungiwa nje amechelewa. Mwamvuli haununuliwi katikati ya mvua. Kwa hiyo mfumo huweza kuamriwa umtake kila mtu ajiandikishe anapoingia kwa kawaida, kisha umuulize tena baada ya siku kadhaa kama habari zake ni zile zile. Desturi ya Entra ID ni siku 180, na waweza kuongeza au kupunguza. Usiufute ukumbusho huo. Sisi wa mijini hubadilisha laini za simu kama tubadilishavyo mabasi, na usajili wa mwaka juzi waweza kuelekeza kwenye simu iliyokwisha kuzama ziwani.

Uamuzi wa nne ni taarifa. Kila neno la siri linapobadilishwa, mwenye nalo aarifiwe. Kama ni yeye aliyebadilisha, taarifa haitamdhuru. Kama si yeye, atapiga kelele kabla mwizi hajafika mbali. Na mmoja wa wasimamizi wa mfumo anapobadilisha lake, wasimamizi wenzake wote waarifiwe.

Uamuzi wa tano huwahusu wasimamizi wenyewe. Hao ndio wenye funguo za vyumba vyote. Katika mfumo tunaoueleza, msimamizi hulazimika kuthibitisha kwa mambo mawili, wala haruhusiwi kutumia maswali ya kumbukumbu. Ni haki. Mkubwa hana budi kufungwa na sheria kali kuliko mdogo, kwa sababu kosa lake ni la watu wote.

Uamuzi wa sita ni wa kiufundi, lakini ukisahauliwa huleta fujo. Ofisi kadhaa zina kompyuta kuu yao wenyewe ndani ya jengo, na wakati huo huo zinatumia huduma za mtandaoni. Neno likibadilishwa mtandaoni bila kurudishwa katika kompyuta ya ndani, mfanyakazi atajikuta na maneno mawili, moja la barua pepe na jingine la mashine ya mezani, naye atarudi mlangoni kwa fundi akiwa amechanganyikiwa zaidi. Fundi ahakikishe kwamba badiliko la huku hufika kule.

MASWALI YA KUMBUKUMBU

Katika funguo zote tulizozitaja, ulio dhaifu kuliko yote ndio upendwao na wengi: maswali. Ulizaliwa wapi? Mwalimu wako wa kwanza aliitwa nani? Unapenda chakula gani?

Mwezi Septemba 2008, Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa jimbo la Alaska na mgombea wa kiti cha makamu wa rais wa Marekani, aliingiliwa barua pepe yake. Aliyemwingilia alikuwa mwanafunzi tu, naye hakuvunja kufuli lolote. Alikwenda penye "nimesahau", akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta, na mahali mama huyo alipokutana na mumewe. Yote matatu yalipatikana kwa kusoma habari zilizokwisha kutangazwa. Akajiwekea neno jipya, akaingia.

Mwaka 2015 wataalamu wa kampuni ya Google walitoa uchunguzi wao juu ya maswali haya. Waliona kwamba kwa watumiaji wa Kiingereza, anayebahatisha mara moja tu jibu la chakula akipendacho mtu huweza kupata karibu mara 20 katika kila 100. Kwa watumiaji wa Kiarabu, aliyeruhusiwa kubahatisha mara kumi aliweza kupata jina la mwalimu wa kwanza mara 24 katika 100. Na la kustaajabisha zaidi, katika watumiaji wa Kiingereza wa Marekani, watu 40 katika 100 hawakuweza kuyakumbuka majibu yao wenyewe walipoyahitaji. Kumbe swali humzuia mwenye nyumba na kumkaribisha mgeni!

Sasa tuyalete maswali hayo hapa kwetu. Umuulize mtu wa Mwanza chakula akipendacho: ugali na sato. Akikataa, ni ugali na sangara, au dagaa, au michembe kama ni mtu wa shamba. Umuulize alikozaliwa: Sengerema, Kwimba, Magu, Misungwi, Ukerewe, ukifika kwenye jina la tano huenda umekwisha kumpata. Jina la mama? Sisi hatumwiti mwanamke kwa jina lake, twamwita kwa jina la mtoto wake. Na hilo mtaa mzima walijua.

Tena salamu zetu zenyewe ni mahojiano. Mtu mzima akikutana na kijana humwuliza wewe ni wa kwa nani, mama yako ni mtu wa wapi, babu yako bado yuko, ulisoma shule ipi. Hayo ni mapenzi na adabu, wala tusiyaache asilani. Lakini lile ambalo adabu yatutaka tumjibu kila mzee hatuwezi kulifanya kufuli la mlango. Shirika la viwango la Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, liliyakataa maswali ya namna hii. Ofisi yako ikiweza, iyafute kabisa. Isipoweza, basi jibu lako lisiwe la kweli: shule uliyosomea iwe neno usiloweza kulisema mbele ya mtu, nawe uliandike mahali unapoficha hati zako.

Mwongozo huo huo ulishauri pia kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha maneno yao kila baada ya miezi michache pasipo sababu. Anayelazimishwa huongeza tarakimu moja mwishoni, au huandika karatasi na kuibandika kwenye kioo. Afadhali neno moja refu, la maneno manne yasiyohusiana, likae hadi pawepo dalili ya kuibwa.

FUNDI NAYE HULAGHAIWA

Huenda utasema: basi tuyaache mambo haya ya mashine, tubaki na fundi wetu anayetujua. Yawezekana, katika ofisi ya watu kumi. Lakini ofisi ikikua, fundi huanza kuzijua sauti tu, na sauti huigwa.

Mwaka 2025 kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, Marks & Spencer, ilivamiwa na wezi wa mtandao. Mwenyekiti wake aliwaeleza wabunge wa nchi hiyo kwamba wavamizi walijifanya mtu mwingine, wakiwa na habari zake. Kampuni ilisimamisha uuzaji kwa njia ya mtandao kwa majuma kadhaa, na ikakadiria kupungukiwa na faida ya pauni milioni 300 hivi. Chanzo cha yote kilikuwa udanganyifu wa mtu kwa mtu, maana mashine ilifanya kama ilivyoagizwa.

Kwa hiyo mlango wa msaada lazima ubaki, kwa ajili ya aliyepoteza simu na kusahau neno kwa siku moja; lakini uwe na utaratibu ulioandikwa. Anayetaka kusaidiwa aje mwenyewe na kitambulisho chake. Asiyeweza kuja, fundi akate simu na kumpigia kwa namba iliyoko katika kumbukumbu za utumishi, si ile aliyopigiwa nayo. Na mkuu wa idara athibitishe. Bosi akifoka kwamba ana haraka, fundi asiogope. Na bosi mwenye hekima atamsifu fundi aliyemkatalia kwa utaratibu.

SIMU NI YAKO, LAINI NI YA NANI?

Hapa ndipo habari ya ofisini inapoingia nyumbani, msomaji, na hapa ndipo wengi wetu tumejikalia kwenye mwiba bila kujua.

Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole nchini Tanzania, na baada ya muda kuongezwa, laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa mwezi Januari 2020. Wakati ule watu wengi walikuwa hawajapata namba ya kitambulisho cha taifa. Basi ndugu walisaidiana: mjomba akamsajilia mpwa wake, kaka akamsajilia dada, mume akamsajilia mke. Ulikuwa udugu mwema. Lakini yule ambaye jina lake limo katika usajili ndiye anayetambuliwa kuwa mwenye laini. Simu ikipotea, yeye ndiye atakayetakiwa kwenda kuirudisha namba. Kama mjomba amehamia mbali, kama mmegombana, au kama amefariki dunia, basi namba imekwenda, na pamoja nayo fedha za simu, barua pepe, na mlango wa ofisi.

Piga *106# leo uangalie usajili wako. Ukiona laini iliyo kwa jina lako nawe huijui, nenda ukaikane. Ukiona unayoitumia si ya jina lako, fanya utaratibu wa kuihamisha wakati nyote mko hai na mnasalimiana. Na laini uliyoacha kuitumia kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake akapewa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuitupa, iondoe kwanza katika kila akaunti.

Liko na jambo la barua pepe. Vijana wetu wanaotafuta kazi, na hata wazazi wao watumishi, wengi walifunguliwa barua pepe na mtoto wa steshenari aliyeketi na kompyuta kando ya barabara. Yeye ndiye aliyechagua neno la siri, na mara nyingine aliweka namba yake mwenyewe kuwa ya akiba, ili kazi iende upesi. Mteja akalipa, akaondoka na karatasi. Miezi sita baadaye mfumo wa maombi ya kazi unamwambia, "Tumekutumia ujumbe kwenye barua pepe yako." Barua pepe ipi? Karatasi imelowa, kibanda cha steshenari kimehamishwa, na siku ya mwisho ya kutuma maombi ni leo saa sita usiku. Nafasi ambayo kijana ameisomea miaka kumi na sita yaweza kumpita kwa sababu ufunguo wake wa akiba uko mfukoni mwa mtu ambaye hata jina halijui.

Basi mzazi, keti na wanao jioni moja. Kila mmoja aifungue barua pepe yake, atazame ni simu gani na barua pepe gani zimewekwa kwa ajili ya kumrudisha akisahau, abadilishe zisizo zake. Zile tarakimu za dharura ambazo mifumo mingine hutoa, zinakiliwe katika daftari na kuwekwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Karatasi iliyo ndani ya sanduku la nyumbani haionekani na mwizi wa mtandao.

Tena wafundishe kwamba tarakimu zinazokuja kwa simu hazitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita mtu wa ofisi, wa benki au wa kampuni ya simu. Aliyezituma anazijua tayari. Anayekuuliza ni yule asiyezijua. Ujumbe wa kitapeli upelekeni kwenye namba 15040.

HAKI YA MFANYAKAZI

Neno la mwisho ni kwa viongozi. Mkimtaka mfanyakazi aandikishe simu yake binafsi na barua pepe yake ya nyumbani, mmeomba kitu chake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zitumike kwa kusudi hilo. Namba aliyoitoa ili arudishiwe neno la siri isiwe ya kumtumia matangazo, wala isitundikwe ukutani. Mwelezeni kwa nini mnaitaka, na asiye na simu janja atafutiwe njia nyingine bila kudharauliwa. Na kwa upande wake mfanyakazi akumbuke kwamba kuingia katika mfumo kwa jina la mwingine si mzaha tena: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia pasipo idhini.

Turudi sasa kwenye Jumatatu ile. Umetoka likizo, umelisahau neno lako, mashine imekukatalia. Safari hii hukuinuka. Umebonyeza penye "nimesahau", tarakimu zimekuja kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lako, programu imekuuliza kama ni wewe nawe ukakubali, ukachagua neno jipya refu. Dakika mbili baadaye umepata taarifa kwamba neno lako limebadilishwa. Fundi yuko Igoma akiendelea na kazi yake. Hakuna aliyekuazima jina lake.

Unafungua dirisha na kumwita mama aliyetoka Misungwi na mtoto mgongoni. Atawahi gari la mchana.